Kukesha kama tiba ya sonona: nafuu ya haraka isiyofaa kujaribiwa nyumbani

Mtu aliyelemewa kwa miezi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambaye dawa ya kwanza haikumsaidia wala ya pili, akikesheshwa usiku mzima chini ya uangalizi wa hospitali anaweza kupata nafuu kabla ya jua la kesho yake kuzama. Katika tafiti, takribani nusu ya wagonjwa huipata. Vidonge vya sonona huhitaji wiki kadhaa kufika hapo.

Madaktari wa Ujerumani ndio waliofungua njia hii. Mwaka 1971 Burkhard Pflug na Rainer Tölle walichapisha matokeo yao, na tangu hapo tiba imechunguzwa sana Ulaya. Kadiri tunavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na saa ya mwili nayo husukumwa. Inaaminika nafuu hutokana na mambo kama hayo.

Wengi huuliza: mbona mimi silali, na sijapona? Kwa sababu kugaagaa kitandani gizani tangu saa tisa usiku, ukisinzia na kushtuka huku mawazo yakikusaga, ni sehemu ya ugonjwa. Kwenye tiba mgonjwa hukaa kwenye mwanga, na muuguzi yuko naye wakizungumza, wakicheza karata, wakitembea ukumbini. Saa kumi alfajiri ndiyo ngumu kuliko zote. Akisinzia dakika chache tu kwenye benchi, faida inaweza kupotea.

Tatizo kubwa huja usiku unaofuata. Bila dawa, hadi wagonjwa wanne kati ya watano waliopata nafuu hurudi walikokuwa baada ya kulala. Ndiyo maana madaktari wa Milan huunganisha mkesha na lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, na taa yenye mwanga mkali asubuhi, ili nafuu ishike.

Hapa Uganda jambo hili linatugusa kwa namna yake, maana mikesha ya maombi ya Ijumaa tunayo kila mahali. Ndugu huja kliniki Jumatatu wakisema, “Musawo (daktari), Jumamosi alikuwa mzima, alimaliza chakula chake chote cha katogo, akacheka na watoto. Leo amegeukia ukuta tena.” Ninawaamini. Huenda nafuu ile ilikuwa ya kweli mwilini, na kurudi kwa ugonjwa si dalili kwamba imani yake ilikuwa haba. Ninachoogopa ni vidonge vilivyoachwa Jumamosi ile kwa kudhani amepona. Wachungaji, tafadhali, ombeni naye, na mwambieni aendelee na dawa.

Mwenye kifafa asikeshe kabisa kwa ajili ya tiba. Kukosa usingizi huchochea degedege, na kaskazini, Kitgum na Pader, familia zinazouguza watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa zinaujua uchungu huo. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno, anaweza kuruka kutoka huzuni hadi kuchangamka kupita kiasi. Anayesikia sauti zisizokuwepo naye asijaribu. Na dereva wa boda boda aliyekesha asiguse pikipiki kesho yake.

Kabla ya kusema dawa zimeshindwa, tazama kipimo chake. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, ya miligramu 25 usiku humsaidia mtu kulala, lakini kwa watu wazima wengi haitoshi kutibu sonona. Usijiongezee mwenyewe, kwani ikizidi huua. Tiba ya mazungumzo ya vikundi pia ipo: ilijaribiwa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, na ilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa.

Ukienda kwenye kitengo cha afya ya akili, iwe Mbarara, Gulu, Arua au Butabika, beba pakiti za dawa zote ulizowahi kumeza, na uandike saa unazolala na kuamka kwa wiki nzima. Lakini mgonjwa akianza kusema heri afe, msisubiri siku ya kliniki. Asiachwe peke yake, ondoeni dawa za kuulia wadudu na vidonge vyote mahali anapoweza kuvifikia, mumpeleke kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo.