Kujitolea Kutunza Mikoko ya Dar es Salaam: Kazi Iliyopo Baada ya Kupanda

Kila inapokaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, vikundi vya wanafunzi, wafanyakazi na wakazi wa mitaa ya pwani huomba kupanda mikoko Kunduchi, Mbweni na kwingineko jijini. Moyo huo tunaupokea kwa shukrani, ingawa wanaohitajika zaidi ni wale walio tayari kurudi mahali pale pale mwezi baada ya mwezi, wakati mche bado ni mdogo na wapiga picha wamekwisha kuondoka.

Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 hairuhusu kukata mti hifadhini bila kibali. Kwa sababu hiyo, kikundi kinachotaka kujitolea hakina budi kuanzia kwa ofisa misitu na serikali ya mtaa. Hatua hiyo si urasimu mtupu, kwa kuwa ofisa ndiye anayejua eneo linaloweza kuota lenyewe. Palipo na miti mikubwa karibu, na maji ya bahari yanaingia na kutoka bila kizuizi, mbegu huletwa na maji; wapandaji wengi wakiingia hapo huishia kukanyaga miche iliyokwisha kuota.

Panapostahili kupandwa, kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kupanda kila mahali aina moja tu ya miti hii, ile yenyewe inayoitwa mkoko, kwa sababu tu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka. Kila aina ina mahali pake: mlilana ndio unaostahimili ukingo unaotazama bahari. Mkoko hufuata nyuma yake kwenye matope laini. Msinzi na mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu, unaovumilia chumvi nyingi, huonekana hata kwenye ukingo wa nchi kavu. Mkoko ukipandwa kwenye mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi na kufunikwa na maji kwa muda mrefu, kwa kawaida haudumu.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa hutambulika kwa shingo yake iliyogeuka rangi ya manjano, na kofia yake huachia kwa kuvutwa kidogo tu. Ikaguliwe isiwe na matundu ya wadudu, kisha ichomekwe wima maji yakiwa yamekupwa, ncha iliyochongoka ikitangulia, hadi kiasi cha theluthi moja ya urefu wake iwe ndani ya tope. Mbegu ya mchu ni fupi na huchukuliwa na maji kirahisi, hivyo ni afadhali ioteshwe kwanza kitaluni.

Kazi ya baada ya hapo haina sherehe. Mito ya Msimbazi, Mbezi na Tegeta hushusha taka za jiji hadi baharini, hasa wakati wa masika, na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, huzisukuma katikati ya miti. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 limesaidia, lakini chupa, viroba na vipande vya nyavu bado vinafika. Kiroba kilicholala juu ya mizizi ya mchu, ile midogo inayochomoza kutoka kwenye tope kama penseli, huinyima hewa, kwa kuwa mti hupumua kupitia hapo. Wavu ulionasa kwenye mche usivutwe. Ukatwe taratibu kwa mkasi. Anayefanya kazi hiyo apite kwenye mikondo ya maji, asitembee juu ya mizizi, na avae viatu vigumu, maana vioo na sindano ni vitu vya kawaida humo.

Kikundi pia kiwe na daftari la kuandika miche iliyo hai, iliyokufa na sababu inayodhaniwa, ili ofisa misitu ajue kama upandaji urudiwe au mti ubadilishwe. Wakazi wa Pugu na Kisarawe wanaopenda kusaidia katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ambao ni wa nchi kavu, nao waanzie ofisi ya misitu, ingawa huko shida kubwa ni uchomaji wa mkaa na moto wa kiangazi.

Mtu anayejitolea akikuta ukataji unaendelea, asiwakabili wahusika. Aandike mahali na saa, aondoke, na atoe taarifa kwa ofisi ya misitu au serikali ya mtaa siku hiyo hiyo.