Elektroni zinazopotea njiani

Juzi nilikuwa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, nimekaa juu ya gunia la dagaa nikimsubiri mjomba amalize kupatana bei. Wenzake wengi wameachana na karabai. Taa za kuvulia usiku wanazichaji mchana kwa sola. Aliporudi akaniuliza, "Mjomba, hiyo sola yenu ya plastiki imefika asilimia ngapi?" Nikamwambia zile ndogo za maabara zinageuza zaidi ya asilimia 19 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. "Na hizo nyingine zote zinaishia wapi?"

Nilimjibu kwa mkato, jua lilikuwa kali. Hapa nina nafasi.

Sehemu kubwa ya hasara haina siri: kuna rangi za mwanga ambazo maada haizifyonzi, na kuna nishati inayogeuka joto. Kazi yangu ni ile sehemu yenye siri, yaani elektroni iliyokwisha kuamshwa na mwanga lakini haikufika kwenye waya.

Kwenye silikoni ya sola za kawaida, elektroni ikigongwa na mwanga huachana na tundu lake, yaani nafasi tupu iliyoiacha, ikaenda zake. Kwenye polima, yaani plastiki za sola yetu, elektroni na tundu hubaki vimeng'ang'aniana, na jozi hiyo tunaiita eksitoni. Kuivunja kunadai nishati ya karibu elektroni-volti 0.3 hadi 0.5, ilhali joto la kawaida la chumba linatoa 0.025 tu, hata Mwanza ya mwezi wa kumi haisaidii kitu. Tena eksitoni hutembea nanomita kama 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha inakufa.

Ndiyo maana tunapika makande: tunatumia maada mbili, moja iivute elektroni kutoka kwa nyingine pale zinapokutana. Mwaka 1986 Ching Tang alipanga maada mbili kwa tabaka, akapata takriban asilimia 1. Ni kama kuweka mahindi chini na maharage juu: hindi la chini kabisa halitaonana na haragwe. Mwaka 1992 Niyazi Serdar Sariciftci, Alan Heeger na wenzao walionyesha kwamba elektroni huruka upesi mno kutoka kwenye polima kwenda kwenye fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, na kufikia 1995 vitu hivyo vilikuwa vinachanganywa kwenye utando mmoja. Sasa kila eksitoni ina mpaka wa maada hizo mbili karibu yake. Ikiufikia, elektroni inavuka, mara nyingi ndani ya femtosekunde 100; femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya nanosekunde, nayo nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Ikishavuka, bado safari. Huenda ikabaki hapo mpakani ikivutwa na tundu lake lile lile, ikarudi. Au itoroke, halafu mbele ya safari ikutane na tundu la jozi nyingine, imezwe. Mita ya umeme inakuhesabia zilizofika tu. Vifo hivi viwili kwake ni kimoja. Mtengenezaji anahitaji kujua ni kipi, maana dawa zake ni tofauti.

Kwa hiyo tunatumia mipigo miwili mifupi ya leza. Wa kwanza unaamsha eksitoni. Wa pili, dhaifu na wenye rangi nyingi, unapita palepale baadaye kidogo kupiga chabo. Eksitoni hufyonza rangi zake, chaji zilizoachana hufyonza nyingine. Rangi zilizopungua zinatuambia nani yupo. Hakuna saa wala kamera ya kawaida inayowahi mambo hayo, kwa hiyo muda tunaupima kwa umbali. Mwanga hupita urefu wa rula ya shule, sentimita 30, kwa nanosekunde 1. Nikirudisha kioo nyuma sentimita 15 kwenye reli yake, mwanga unaenda na kurudi, na mpigo wa pili unachelewa nanosekunde hiyo. Nikitaka femtosekunde 1, kioo kinasogea mikrometa 0.15. Mmisri Ahmed Zewail alipata Nobeli ya kemia mwaka 1999 kwa kuzitazama molekuli kwa mbinu ya jamii hii.

Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nilijidanganya vibaya. Badiliko la mwanga tunalolitafuta ni dogo, sehemu moja kati ya 10,000 au chini ya hapo, basi nikaongeza nguvu ya leza ili grafu ionekane vizuri. Ikaonekana kweli: eksitoni zilitoweka upesi ajabu, nami nikatangaza kwamba zinageuka chaji upesi ajabu. Msimamizi wangu akauliza: ukipunguza nguvu, kasi inabaki ile ile? Haikubaki. Nilikuwa nimezishindilia eksitoni kwenye utando kama abiria wa daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni, zikawa zinagongana na kuuana zenyewe kwa zenyewe. Jua halishindilii hivyo, hata likiwa la ziwani.

Kipimo hicho hicho ndicho kinachotenganisha vile vifo viwili. Elektroni inayorudi kwa tundu lake haijali ina majirani wangapi. Ukipunguza mwanga, umbo la mstari wake kwenye grafu halibadiliki. Inayokufa kwa kukutana na mgeni hudumu zaidi pakiwa na nafasi. Ya kwanza inatibiwa mpakani, kwa kubadilisha molekuli au namna zinavyojipanga. Ya pili kwa kuzipa chaji njia ya kutoka haraka, au kwa kuupunguza unene wa utando.

Jioni, nyumbani, nilimweleza mjomba habari ya kupunguza mwanga ili mambo yaonekane. Wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikishaiva hawatoki. Ziwa zima likimulika, taa yao haiiti kitu.

"Kumbe na nyie mnasubiri giza," akasema, akanisogezea sahani.