Kifaa Kimezimwa, Nani Anahesabu Saa?

Zima kompyuta, chomoa waya, iache kabatini mwezi mzima, kisha iwashe. Kabla hata haijaunganishwa na intaneti, itakuonyesha saa na tarehe, na ikikosea basi ni kwa dakika moja hivi. Wengi wanaoniuliza kuhusu jambo hili hudhani kompyuta iliitunza saa mahali fulani, kama inavyotunza picha na barua. Mimi ni fundi wa bodi za vifaa vya elektroniki, na dhana hiyo ndiyo ya kwanza ninayoiondoa. Saa haitunziki. Diski inaweza kuandika kwamba kompyuta ilizimwa saa kumi na dakika ishirini, lakini mwezi ukipita nambari itakuwa ileile, saa kumi na dakika ishirini, na haitakufaa kitu. Ili kifaa kijue sasa ni saa ngapi, lazima ndani yake kuwe na kitu ambacho hakikuacha kuhesabu.

Kitu hicho ni sakiti ndogo ya saa ambayo mafundi huiita RTC. Wakati mwingine ni chipu inayojitegemea, lakini siku hizi mara nyingi imefichwa ndani ya chipu kubwa yenye kazi nyingine nyingi. Kinachoiwezesha kuhesabu kinaonekana kwa macho. Ukifungua kompyuta ya mezani ya zamani kidogo, tafuta karibu na betri bapa ya duara. Utaona kopo la chuma lenye urefu wa milimita 6 hivi na upana wa milimita 2, lenye miguu miwili myembamba. Kwenye bodi mpya huwa kidude bapa cha pembe nne. Ndani yake, hewa ikiwa imeondolewa, kuna kipande cha kwatzi, aina ya jiwe la kristali, kilichochongwa kwa umbo la uma wenye meno mawili.

Kwatzi ina tabia ya ajabu ambayo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880: aina fulani za kristali zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli. Zikipewa umeme, hujikunja kidogo sana. Kwa hiyo sakiti huupa ule uma mdogo msukumo wa umeme, meno yanatikisika, mtikisiko unarudisha umeme, nao unatumika kusukuma tena, kama mtoto wa kwenye bembea anayesukumwa kidogo kila anaporudi. Ukubwa na umbo la uma ndivyo vinavyoamua utatikisika mara ngapi. Karibu kote duniani umechongwa utikisike mara 32,768 kwa sekunde.

Napenda sana nambari hiyo. Igawanye kwa mbili unapata 16,384, gawanya tena 8,192, endelea hivyo mara 15, na unafika kwenye moja kamili. Kwa sakiti ya kidijitali, kugawanya kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote, kwa hiyo hatua 15 ndogo zilizopangwa mfululizo zinageuza mtikisiko wa kwatzi kuwa mdundo mmoja kila sekunde. Saa ya kwanza ya kwatzi, iliyotengenezwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1927, ilijaza nafasi kubwa. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo kuuzwa, Seiko Astron ya Desemba 1969, ilitumia mitikisiko 8,192. Ile 32,768 ilishinda baadaye kwa sababu nzuri: iko juu ya kiwango ambacho sikio la binadamu linasikia, na bado iko chini kiasi cha kutokula umeme mwingi.

Na umeme ndio kiini cha mambo yote haya. Betri ile ya duara huwa ni CR2032, jina ambalo linajieleza lenyewe: kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2. Ina volti 3 na ujazo wa miliampia-saa 220 hivi, yaani inaweza kutoa miliampia moja kwa saa 220. Sakiti ya saa iliyosanifiwa vizuri hula mikroampia moja, yaani sehemu ya elfu ya miliampia, au pungufu. Kwa hesabu ya karatasi, betri hiyo ingeiendesha kwa saa 220,000, yaani miaka 25. Kwa kweli haifiki huko, maana betri hupungua yenyewe hata isipotumika, na bodi nyingi zinakula zaidi ya hapo. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hata kama imezimwa, saa hulishwa na umeme wa akiba wa pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha kompyuta, na betri inapumzika. Kuchomoa waya kila siku kunaimaliza betri mapema zaidi.

Si kila kompyuta ilikuwa na kitu hiki. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja bila saa ya betri, na kila ilipowashwa ilimuuliza mtumiaji tarehe na saa. Asipojibu, ilijihesabia kwamba ni tarehe 1 Januari 1980. Saa yenye betri ilikuja na IBM PC/AT mwaka 1984. Hata leo bodi nyingi ndogo za bei nafuu hazina. Raspberry Pi, kompyuta ndogo za bodi moja, kwa miaka mingi zilitoka bila saa, na programu yake iliandika muda wa mwisho kwenye kadi ili angalau ikiwaka isirudi nyuma sana. Matoleo ya karibuni yamewekewa, ingawa betri unaiongeza mwenyewe.

Simu hutumia betri yake kubwa. Inapojizima ikisema imefika asilimia sifuri, betri haijaisha kabisa. Imebakizwa akiba, na sehemu ndogo sana ya akiba hiyo inalisha saa. Ikae miezi bila chaji hadi akiba nayo iishe, ndipo utaiona inawaka na tarehe ya ajabu, mara nyingi 1 Januari 1970, ambayo mifumo mingi huihesabu kuwa sekunde sifuri.

Oveni za maikrowevu na saa nyingi za mezani za kuchomeka zina njia nyingine kabisa: huhesabu mawimbi ya umeme wa ukutani, 50 au 60 kwa sekunde. Umeme ukikatika, zinasahau. Mwanzoni mwa 2018 mgogoro wa umeme kati ya Serbia na Kosovo ulishusha kidogo kasi ya mawimbi katika gridi ya nchi 25 za Ulaya, na kufikia Machi saa za namna hiyo zilikuwa zimechelewa kama dakika sita. Hazikuharibika hata moja. Zilihesabu kwa uaminifu mawimbi zilizopewa.

Kwatzi nayo hukosea. Kristali ya kawaida huruhusiwa kupotoka sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni sekunde 1.7 kwa siku. Isitoshe, uma ule hupimwa kwa joto la nyuzi 25 za selsiasi. Joto likipanda au kushuka kutoka hapo, mtikisiko hupungua na saa inachelewa. Ndiyo maana kifaa kikipata mtandao hukimbilia kuuliza seva za muda, yaani kompyuta za mtandaoni zinazotoa saa sahihi, na kujirekebisha.

Betri ikifa, dalili ya kwanza mara nyingi haionekani kuwa ya saa. Mtu analalamika kwamba tovuti zote zinakataa kufunguka na kivinjari kinadai muunganisho si salama. Anabadilisha modemu, anagombana na kampuni ya intaneti. Angalia tarehe kwanza! Kila cheti cha usalama, yaani hati ya kidijitali ambayo tovuti huionyesha kivinjari kuthibitisha kuwa ni yenyewe, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayoamini iko miaka kumi nyuma itaviona vyote kuwa havijaanza kazi. Kisha pima betri kwa multimita: mpya husoma juu kidogo ya volti 3, na ikishuka chini ya 2.7 mimi huibadilisha bila kusubiri. Kabla ya kuitoa chomoa waya, na ukiweka mpya, upande wa alama ya kujumlisha uelekee juu kwenye vishikizi vingi vilivyolala.

Ile ya zamani ifunge kwa utepe pande zote mbili na uiweke mbali na watoto siku hiyohiyo. Hata betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili akiimeza. Akishukiwa kuimeza, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anacheza na haonyeshi dalili yoyote.