Je, Wajua Kwa Nini Waya wa Spika wa Maelfu ya Dola Hauboreshi Sauti?

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuyapima madai makubwa hadharani, alitangaza kwamba zawadi yake ya dola milioni 1 ingemwendea yeyote atakayeweza kutofautisha, kwa kusikiliza tu, waya wa spika uitwao Anjou na waya mzuri wa bei ya kawaida. Jozi moja ya Anjou yenye urefu wa futi 12 iliuzwa kwa dola 7,250. Jaribio hilo halikufanyika, lakini fizikia ya waya inatosha kutupa sehemu kubwa ya jibu.

Wengi huamini kwamba waya hubeba sauti, na kwa hiyo waya uliosafishwa zaidi utaifikisha sauti ikiwa safi zaidi. Ukweli ni kwamba ndani ya waya hamna sauti. Kuna umeme unaobadilika mwelekeo makumi hadi maelfu ya mara kwa sekunde, na sauti huzaliwa pale tu umeme huo unapoisukuma na kuivuta koni ya spika. Kazi ya waya ni kuufikisha umeme bila kuupunguza kwa kiasi kinachosikika, na kinachopunguza umeme huo kwanza kabisa ni ukinzani wa waya, yaani kiasi ambacho waya huuzuia umeme kupita.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliofungwa kichwa chenye tundu dogo. Ukiubadilisha mpira ukaweka ulio mpana maradufu, maji yatakayotoka hayataongezeka kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa kinachoyazuia ni tundu la mwisho. Spika ndiyo tundu hilo. Spika nyingi za nyumbani huwa na ukinzani wa takriban omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani), ilhali mita 3 za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, unene uleule ambao mafundi umeme hutumia kwa soketi, zina takriban omu 0.04 kwa safari ya kwenda na kurudi. Waya huo hula nusu ya asilimia moja ya volti, yaani chini ya desibeli 0.05 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio la binadamu haliwezi kukibaini. Hata ukiuondoa ukinzani wote wa waya, huwezi kupata zaidi ya hicho. Wanaosifu nyaya za madini ya fedha wana hoja ya kweli lakini ndogo: fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi, pengo ambalo shaba nene kidogo hulifuta.

Hesabu hii ina mipaka yake. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 ukivutwa mita 15 hadi kwenye spika ya omu 4 hupoteza takriban desibeli 2, na kwa kuwa ukinzani wa spika hubadilika kati ya besi na sauti nyembamba, hasara hiyo haigawanyiki sawa. Hapo tofauti husikika, na dawa yake ni waya mnene, ambao hauhitaji kuwa ghali.

Kwa nini basi watu waaminifu, wenye masikio mazuri, husema wamesikia badiliko? Kwa sababu usikivu haufanyiki sikioni peke yake. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha utafiti ambamo wasikilizaji walizipa alama spika zilezile wakiwa wanaziona na wakiwa hawazioni, na alama zikabadilika: ukubwa, sura na jina la spika viliathiri hukumu. Zaidi ya hapo, chombo kinachotoa sauti kubwa kidogo tu huonekana kuwa bora, na kukisogeza kichwa sentimita chache hubadilisha sauti nyembamba zinazofika sikioni. Anayebadilisha waya husimama, huenda nyuma ya spika, hurudi kuketi, na mara nyingi hakai mahali palepale.

Haifuati kwamba kila chombo ghali hakina thamani. Amplifaya nzuri ya kisasa huiharibu sauti kwa chini ya asilimia 0.1, lakini spika, ambayo lazima isukume hewa kwa koni, sumaku na sanduku, inaweza kufikia asilimia 1 au zaidi kwenye besi nzito. Pengo kati ya spika dhaifu na spika iliyobuniwa vizuri husikika wazi, ingawa bei haiahidi ubora huo. Chumba nacho kina nguvu ya kushangaza: chenye urefu wa mita 5 huikuza besi ya takriban hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, karibu na kuta za mwisho na kuififisha katikati, kwa tofauti inayoweza kuzidi desibeli 10. Ni zaidi ya mara 200 ya kile ambacho waya wa mita 3 unapunguza, na kiti kikisogezwa mita moja mabadiliko hayo husikika.