Mwanaume na Mwanaume, na VVU: Maswali Yanayoulizwa Mombasa

Mimi ndiye basha, siingiliwi. Nipimwe ya nini?

Kuwa basha si kinga. Ni kweli anayeingiliwa yuko hatarini zaidi, maana utando wa njia ya haja kubwa ni mwembamba na huchanika bila maumivu wala damu ya kuonekana. Lakini virusi humwingia mwingizaji pia, kupitia tundu la mkojo na michubuko midogo. Tohara usiitegemee: kinga yake iliyothibitishwa ni ya mwanaume anayelala na mwanamke, tena ni ya sehemu tu. Dhana kwamba basha yuko salama inatusikitisha, kwa sababu basha mwenye mke nyumbani huchelewa kupima, na mke hana habari. Pima kila miezi 3.

Mipira ya kondomu inatupasukia. Je, ni mibovu?

Mara nyingi kosa ni mafuta. Vaseline, mafuta ya nazi na losheni hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache. Mate nayo hukauka upesi. Tumia jeli ya maji: ipake juu ya mpira ukishavaliwa, pia kwenye njia ya haja kubwa yenyewe, na uongeze ikianza kukauka. Vaa mmoja tu. Miwili husuguana ikapasuka. Usiuweke kwenye pochi au garini, joto la Pwani huuharibu.

PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya tendo, ni lazima kila siku?

Kwa mwanaume, kuna njia ya 2+1+1 iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Meza vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, na kingine saa 24 tena. Tuseme Ijumaa saa 12 jioni umemeza viwili: Jumamosi saa 12 kimoja, Jumapili saa 12 kimoja. Mkiendelea kukutana, meza kimoja kila siku hadi siku 2 baada ya tendo la mwisho. Wengi hukosea hapo, wakiacha asubuhi ya pili. Pima VVU na homa ya ini B kwanza. Mwenye homa hiyo asitumie njia hii.

Nimeshalala bila kinga, je?

Omba PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo, leo hii. Mwisho ni saa 72 tangu tendo, na dozi ni siku 28.

Mwenzangu ana VVU. Tuachane?

La. Utafiti wa PARTNER2 wa 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, mmoja ana VVU na mwenziwe hana; aliyekuwa na virusi vilivyofifishwa na ARV (dawa za VVU) hakumwambukiza mwenziwe hata mara moja. Muulize kipimo chake cha wingi wa virusi.

Nikisema ukweli kliniki, nitakamatwa?

Kupimwa na kutibiwa si kosa, na sheria ya VVU ya 2006 inalinda siri ya majibu yako. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, Mombasa, iliharamisha kulazimishwa kukaguliwa njia ya haja kubwa. Sema, kwani kisonono cha huko na cha kooni hakionekani kwenye mkojo. Mhudumu asipojua, hatachukua sampuli panapostahili.