Makopo saba ya shangazi: dhana na ukweli kuhusu virutubisho vya sukari

Mezani kwa shangazi yangu, pembeni ya redio, nilihesabu makopo saba: unga wa mlonge, vidonge vya mdalasini, mafuta ya habbat soda, madini ya kromiamu, na mengine ambayo hata yeye alishasahau ni ya nini. Chini ya yote kulikuwa na pakiti ya metfomini, dawa ya kushusha sukari aliyopewa kliniki, haijaguswa mwezi mzima. Aliyemuuzia makopo alimwambia aachane na dawa hiyo. Maneno aliyoambiwa nimeyasikia kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani, ndiyo maana nayajibu hapa.

Dhana: Dawa za hospitali zinaua figo, za asili hazina madhara.

Kinachoua figo ni sukari iliyokaa juu miaka nenda rudi, hasa ikiandamana na presha. Metfomini haiharibu figo. Daktari huzipima kwa sababu zikishachoka, dozi inabidi ipunguzwe au dawa isimamishwe. Na asili ya metfomini yenyewe ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ufaransa walianza kuitumia kutibu kisukari mwaka 1957. Tofauti yake na unga wa kwenye kopo ni kwamba kidonge kinajulikana kina miligramu ngapi.

Mdalasini wa kasia, ule wa bei nafuu, una kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini mtu akiutumia kwa wingi kila siku. Kuutia kwenye chai ni jambo jingine. Kinachonitisha zaidi ni udanganyifu: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba baadhi ya bidhaa za kisukari zilizouzwa kama za asili zilikutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani. Mgonjwa anaona sukari imeshuka, anasifu mti. Siku nyingine inashuka mno: jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaongea asichokijua, anazimia.

Dhana: Ukimeza vitamini mapema, kisukari hakikupati.

Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Nusu walimeza yuniti 4,000 kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2019: tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, haikutosha kusema vitamini imewakinga. Madini ya seleniamu yalikuwa mabaya zaidi. Katika jaribio moja waliomeza mikrogramu 200 kwa siku ndio waliopata kisukari kwa wingi kuliko wenzao.

Kilichofanya kazi kinajulikana tangu 2002. Watu 3,234 walifuatiliwa, na wale waliosaidiwa kupunguza uzito kwa takriban asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Metfomini ilipunguza kwa 31. Hakuna wa kukuuzia kutembea, kwa hiyo hakuna anayekutangazia.

Dhana: Basi mwenye sukari hahitaji kirutubisho chochote.

Hapa hata sisi tunaopinga makopo hukosea. Metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Ikipungua, miguu hufa ganzi, vidole huchoma usiku kama vimekanyaga makaa, mwili hukosa nguvu. Kwa kuwa sukari nayo huharibu mishipa ya fahamu, kila mtu husema "ni sukari tu," na hakuna anayepima.

Shangazi alikuwa ametumia metfomini miaka minane kabla ya kuiacha. Kandambili zilikuwa zinamvuka njiani bila yeye kujua. Anashtuka tu mguu ukiwa mtupu. Nilipompeleka kliniki na makopo yake yote kwenye mfuko, daktari aliyasoma moja moja, akamrudisha kwenye dawa yake, akaagiza B12 ipimwe. Ilikuwa chini. B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye majani ya mlonge haimo, na katika makopo yale saba hakuna hata moja lililokuwa nayo.

Alianzishiwa sindano. Ganzi imepungua, haijaisha. Kama wewe au mzazi wako mna miaka kadhaa kwenye metfomini na miguu imeanza hivyo, msiiache dawa; ombeni kipimo hicho kwa jina lake.