Mtandao wa kijamii si programu uliyoipakua jana

"Bwana, kuna mtandao mpya wa kijamii nimejiunga nao. Mzuri sana, ila hauna watu."

Niliandikiwa hivyo na rafiki yangu wiki iliyopita. Si yeye wa kwanza. Kila inapozuka huduma mpya ya kuwekea habari ndogondogo za siku (umeamkaje, umekula nini, umeona nini njiani), ataibuka mtu na sentensi hiyohiyo. Mtandao wa kijamii usio na watu! Ni sawa na kuniambia umekutana na umati wa mtu mmoja.

Maana tuimalize upesi. Mtandao wa kijamii ni watu pamoja na nyuzi zinazowaunganisha: nani anamjua nani, nani anamfuata nani, neno la huyu linamfikia yupi. Kile ulichokipakua kwenye simu ni programu. Kampuni iliyoitengeneza inatoa huduma. Ulichofungua wewe ni akaunti. Ningeweza kuishia hapa, lakini neno lenyewe, mtandao, limesingiziwa vya kutosha na linastahili kutetewa.

Mtandao limetoka kwenye kutandaa, na kutandaa kumetoka kwenye kutanda. Wingu likitanda halina pembe ya kukaa. Limeshika anga lote. Ukoo wa neno hili ni mkubwa: tandika, tandaza, tandua, mtandio, utando. Mfumaji ana mtande, zile nyuzi zinazonyooshwa kwanza ndipo mshindio upite. Waliounda utandawazi nao walichota kisima hichohicho. Humo mna nguo, mna vitu vya kazi, mna hali ya hewa, lakini wazo haliachani: kitu kimetoka hapa kikafika pale. Utando wa buibui ndio mfano ninaoupenda zaidi. Buibui hahamii kwenye utando wa tayari. Anautoa mwilini mwake, uzi baada ya uzi, na kona aliyoichagua ni kona tu mpaka nyuzi zishike.

Upande wa pili wa jina kuna jamii, neno la Kiarabu, lenye mzizi wa kukusanya. Ndugu zake ni jamaa, jumuiya, jumuisha na hata Ijumaa, siku ya watu kukusanyika. Kwa hiyo mtandao wa kijamii ni jina lenye mvutano ndani yake, neno moja linatawanya na jingine linakusanya. Sijui jina jingine la teknolojia katika Kiswahili lililobahatika hivyo, nasi tumelibandika kwenye kialama cha rangi kwenye kioo cha simu.

Wala dhana hii haikuzaliwa na intaneti. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia J. A. Barnes alichapisha utafiti wake kuhusu Bremnes, parokia ya kisiwani huko Norwe iliyokuwa ikiishi kwa uvuvi na kilimo. Alitaka kueleza jinsi watu wa pale walivyofungamana kwa udugu, urafiki na kujuana, nje ya mipaka ya vikundi rasmi. Taswira aliyoitumia ni ya nukta, baadhi yake zikiwa zimeunganishwa kwa mistari. Nukta ni watu, mistari ni mahusiano yao. Huo ulikuwa mtandao wa kijamii kamili, na hakuna mvuvi aliyehitaji nywila.

Zilipokuja tovuti, watafiti danah boyd na Nicole Ellison waliandika mwaka 2007 makala inayotajwa hadi leo. Kwao, tovuti ya aina hii inakupa mambo matatu: kujenga wasifu wako, kuorodhesha watu unaohusiana nao, na kupitia orodha hizo, zako na za wengine. Ya kwanza kutimiza yote matatu, walisema, ilikuwa SixDegrees ya mwaka 1997. Tena walikuwa waangalifu na jina. Walikataa lile linalodokeza kwamba kazi yake kuu ni kusaka marafiki wageni, kwa sababu waliona watu wengi huingia kudhihirisha mahusiano ambayo tayari wanayo. Yaani tovuti inauonyesha mtandao. Haikuletei mtandao kwenye sahani.

Asiyeamini aikumbuke Google+, huduma ya kijamii ya Google. Ilifunguliwa mwaka 2011 na kampuni yenye watumiaji karibu kila pembe ya dunia, kwa hiyo akaunti hazikuwa tatizo. Mwezi Oktoba 2018 Google yenyewe ilieleza kwamba asilimia 90 ya nyakati mtu alipoingia humo, alikaa chini ya sekunde tano. Aprili 2019 ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Programu ilikuwapo, seva zilikuwapo, majina tele. Nyuzi ndizo zilizokosekana.

Nikiri kwamba kuna matumizi mengine ya neno hili nisiyogombana nayo. Mtu akisema mtandao umekata, namwelewa na namwachia, maana minara ya simu kweli imetandaa na kweli imeunganishwa. Akiniuliza natumia mtandao gani, najua anataka jina la kampuni ya simu. Kero yangu iko kwenye programu tu.

Mambo yananoga ukifika kwa Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016. Hapo watu husema wamejiunga na mtandao wa Mastodon kama vile kuna mlango mmoja. Hakuna. Mastodon ni programu ambayo yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, na wewe unafungua akaunti kwenye seva mojawapo. Seva hizo zinazungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kiwango na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018, hivyo wa seva hii anamfuata wa seva ile bila kuhama. Kwa mara moja neno mtandao linafaa hata kwa mitambo, na ndipo watu wanapolitumia kwa kitu kimoja kilichokaa peke yake!

Rafiki yangu alinitumia ujumbe mwingine siku ya tatu: anaifuta. Ameandika habari zake asubuhi, mchana na usiku, hakuna aliyejibu. Zamani Twitter ilikuwa ikimuuliza kila aingiaye, "Unafanya nini?", na mwaka 2009 ikabadili ikawa kitu kama "Kuna nini?". Mwenye kuuliza alikuwa ni kisanduku. Sisi tuliokuzwa na "habari za asubuhi" tunajua kwamba swali lile halina uhai kama hakuna mtu upande wa pili anayengoja "nzuri" yako, hata kama si nzuri. Rafiki yangu alikuwa akikijibu kisanduku.

Basi nilimwandikia hivi: ndugu yangu, hukujiunga na mtandao, umefungua akaunti kwenye huduma mpya. Watu wamo, ila hakuna uzi kati yako na wao. Usiifute kwanza. Tafuta hata wawili unaowajua, wafuate, waitikie wanapoandika kuhusu chai yao, uone kama nao watakuitikia. Ukishapata hao, niandikie tena kwamba una mtandao, nami sitakusahihisha.

Akajibu upesi kuliko nilivyotarajia: "Sawa, mwalimu. Wewe unatumia jina gani humo, nikufuate?"

Ilibidi niende kufungua akaunti.